Mwendo wa Bi Mwanajuma

Kwa miaka tisa Shuaibu Kitwana alipiga video za harusi za watu, na kwa miaka tisa hiyo alijiambia kwamba yeye si mtu wa harusi. Alisimama kwenye kona za kumbi, kamera begani, akimvuta karibu kwa lenzi bibi harusi anayejikaza asilie na shangazi anayegombea paja la kuku, na moyoni akisema, ipo siku nitatengeneza changu. Bagamoyo nzima ilimwita Shua Video. Jina lenyewe hakulipenda, lakini hakuna aliyemwuliza.

Siku aliyoingoja ilifika mwaka juzi, siku chache baada ya Idi. Shirika moja linaloshughulika na mambo ya watoto lilitangaza kuwa linatafuta filamu fupi, dakika kumi na mbili tu, zitokane na hadithi za kale za pwani. Zitakazopita zingeonyeshwa shuleni, na moja ingepelekwa kwenye tamasha Dar es Salaam. Shuaibu alilisoma tangazo mara tatu akiwa bado kitandani, akaiacha chai aliyopikiwa na mkewe Wahida ipoe, akashika njia ya Dunda kwa Bi Mwanajuma.

Bi Mwanajuma alikuwa akikaanga vitumbua kando ya njia iendayo sokoni tangu Shuaibu hajaota meno. Mama yake Shuaibu, Mungu amrehemu, aliugua miaka mingi, na mtoto alikuwa akishinda barazani kwa jirani huyo, akila vitumbua vilivyoungua pembeni ambavyo haviuziki, na kusikiliza hadithi. Mguu wa kushoto wa Bi Mwanajuma ulikuwa mfupi na mwembamba kuliko mwenzake. Alipotembea aliutupa nje kwanza, kisha kiuno kikazama, kisha bega la kulia likapanda, kama mtu anayevuka dimbwi lisilokwisha. Watu wa mtaa walikwisha kuuzoea mwendo ule hata hawakuuona tena. Na alikuwa na neno lake. Kila mtoto aliyepita mbele ya jiko, awe na senti asiwe nayo, alimwita kwa sauti nzito ya kuvuta: "Njoo, mwana wa watu, njoo ule."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wahida hajambo? Na huyo mjukuu wangu Hafidha?"

"Wote hawajambo, wanakusalimu. Mama, nina shida ya hadithi. Ile ya kisimani."

Bi Mwanajuma alicheka, akageuza vitumbua vitatu kwa kijiti chake, ndipo akamtazama. "Mtu mzima na ndevu, umekuja kutaka hadithi asubuhi yote hii?"

Alimsimulia hivyo hivyo akikaanga, na Shuaibu akamrekodi kwa simu. Palikuwa na wasichana wawili, mtu na mdogo wake. Mkubwa alikwenda kisimani akamkuta bibi kizee mwenye vidonda mgongoni, anashindwa kujiosha. Bibi akamwomba amsugue. Msichana akamsugua taratibu, hakuziba pua, hakuuliza neno, na bibi akampa mtungi usiokauka. Siku ya pili alikwenda yule mdogo. Akamwona bibi, akacheka, akamwigiza anavyojikuna.

"Na huyo alifanywa nini?" Shuaibu aliuliza, ingawa alijua.

"Hakufanywa kitu. Wengine husema aligeuzwa nyoka, waongo hao. Alirudi nyumbani na mtungi mtupu, na kila aliyemwona akajua ametoka kufanya nini. Basi. Inatosha hiyo." Akafuta mikono kwenye kanga. "Usiniharibie tu hadithi yangu na makamera yako."

Shuaibu akaahidi hataiharibu.

Aliiharibu kwa nia njema, na hilo ndilo lililomsumbua sana baadaye, kwamba hakuna aliyemlazimisha. Aliandika kurasa nane, akazisoma, akaona zimelala. Binti yake Hafidha, mwenye miaka sita, alikuwa hakai mbele ya televisheni dakika tano kama hakuna mtu anayemkimbiza mtu. Nani angekaa kimya kutazama msichana akisugua mgongo? Akafuta vidonda. Akafuta mtungi. Yule bibi kizee akamgeuza zimwi jike, linalojificha kwenye mikoko karibu na kisima na kuvizia watoto, na msichana mkubwa akamfanya mjanja wa kulikimbia. Alipomaliza aliona sasa ina damu. Wahida aliisoma akasema inachekesha.

Nafasi ya zimwi alimpa Hajra. Hajra alikuwa binti wa Pangani, miaka ishirini na miwili, amemaliza chuo cha sanaa na amebaki mjini akitafuta kazi. Kipaji alikuwa nacho. Angeweza kuingia chumbani kama askari na kutoka kama mbuzi, na ukaamini vyote viwili. Lakini siku ya kwanza ya mazoezi alicheza kizee kama wanavyocheza wote, mgongo umepinda, mkono kiunoni, sauti ya kutetemeka.

"Hapana," Shuaibu alimwambia. "Huyo kizee nimemwona kwenye michezo mia. Nenda Dunda, kwa mama anayekaanga vitumbua njia ya sokoni. Nunua, kaa, mtazame anapokwenda kuchota maji. Msikilize anavyowaita watoto."

"Nimwambie ni kwa ajili ya filamu?"

"Usimwambie kitu. Akijua atajibana."

Hajra alikwenda siku tisa. Alikwenda kununua akaishia kusaidia, akatwanga iliki, akakuna nazi, akabeba ndoo za maji. Bi Mwanajuma hakuwa na mtoto. Siku ya saba alimpa Hajra kanga yake moja, karibu mpya, na alipomwona Shuaibu akipita alimsimamisha.

"Huyu binti wa Pangani aliyetujia mjini ana adabu. Kila siku yuko hapa. Sijui amenipendea nini."

"Ana adabu kweli," Shuaibu alisema, akakumbuka kuwa ana haraka.

Walipiga filamu siku tatu njia ya Kaole, penye kisima cha zamani kisichotumika. Hajra alivaa nywele za katani na ngozi ya mbuzi, akajipaka masizi, na Shuaibu alipotoa ishara alitoka kwenye mikoko. Mguu wa kushoto ukatupwa nje. Kiuno kikazama. Bega la kulia likapanda. Mshika maikrofoni akaangua kicheko kabla hajafika kisimani, ikabidi warudie. Na neno lile alilibadili Shuaibu mwenyewe, pale pale, akiwa amechuchumaa nyuma ya kamera, akaliona zuri mno. "Sema hivi: njoo, mwana wa watu, njoo nikule."

Hajra akasukuma nywele za katani usoni. "Hilo si litajulikana?"

"Litajulikana na nani? Watoto watacheka tu."

Akalisema. Akalisema kwa sauti nzito ya kuvuta, na hata wale wasichana wawili wadogo waliokuwa wakiigiza wakashindwa kujizuia.

Filamu ikapita. Barua ikaja kwamba itaonyeshwa kwanza hapo hapo mjini, kwenye ukumbi wa shule moja ya msingi, Jumamosi saa tatu asubuhi, kisha Dar. Shuaibu akaagiza vitumbua mia mbili kwa Bi Mwanajuma kwa ajili ya watoto. Alitaka kumfaidisha. Alidhani pia, kama alidhani chochote, kwamba mzigo utaletwa na mtu wa bodaboda.

Akaja mwenyewe. Alivaa baibui jipya, ananukia udi, na hotipoti mbili kubwa zimebebwa na vijana nyuma yake. Shuaibu alikuwa amewaeleza walimu kuwa hadithi imetoka kwa mama huyo, wakamwinua kwa heshima wakamkalisha benchi la mbele, katikati ya mwalimu mkuu na mgeni kutoka kwenye lile shirika. Madirisha yalizibwa kwa mikeka. Watoto zaidi ya mia na hamsini walikaa chini, miguu imekunjwa.

Jina lake ndilo lililotangulia kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa mbele. *Hadithi imesimuliwa na Bi Mwanajuma Muhidini.* Shuaibu, aliyesimama ubavuni karibu na projekta, alimwona akilisoma taratibu, midomo ikitembea, kisha akamgeukia mwalimu mkuu akamnong'oneza kitu na kutabasamu. Hapo ndipo Shuaibu alipotazama saa. Alikuwa na dakika nne kabla zimwi halijatoka. Angeweza kung'oa waya. Umeme hukatika Bagamoyo, nani angeuliza? Alisimama, mkono karibu na waya, akasema labda hatatambua. Mtu hajui anavyotembea.

Zimwi likatoka mikokoni.

Kwanza watoto walipiga ukelele wa woga, wa raha. Zimwi likapiga hatua tatu, nne. Kisha kutoka katikati ya ukumbi sauti ya mtoto ikasema wazi, bila ubaya wowote, kama anayejibu swali la mwalimu, "Bi Mwanajuma yule."

Ukumbi ukalipuka. Walicheka watoto, walicheka walimu wakiwa wameziba midomo, na zimwi likasema njoo, mwana wa watu, njoo nikule, wakacheka upya kwa nguvu zaidi, wengine wakigeuka kumtafuta mwenyewe alipokaa. Shuaibu alimtazama. Alikuwa akicheka. Alicheka kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wake, meno nje, macho hayapo. Alipiga hata makofi mara mbili. Kisha akaacha, akaweka mikono mapajani, akatazama kitambaa kwa utulivu mkubwa mpaka zimwi likaingia tena mikokoni.

Akainuka. Ili atoke ilimbidi apite mbele ya watoto wote, toka benchi la mbele mpaka mlango wa nyuma, kwenye mwanga wa projekta. Alipopiga hatua ya kwanza kicheko kikaanza tena. Aliutembea ukumbi ule wote. Shuaibu hakusogea. Alijiambia hawezi kuiacha mashine.

Baadaye mgeni wa shirika alimshika mkono akamwambia ni kazi safi, watoto hawajawahi kucheka hivi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa na uso usio na raha, aliuliza mbele ya watu, "Na ule mwendo wa zimwi, ndugu yangu, mliutoa wapi?"

"Huo ni ubunifu wa msanii mwenyewe," Shuaibu alijibu. "Hajra ana kipaji."

Hajra alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo.

Hotipoti mbili zilibaki ukumbini. Shuaibu alizipeleka nyumbani, akaziosha, akaziweka juu ya kabati, na kila asubuhi akasema leo nitazirudisha. Alianza kwenda sokoni kwa njia ya nyuma. Aliwaambia watu njia ile ya mbele ina matope.

Lakini mji mdogo hauna njia ya nyuma. Mwalimu mmoja alikuwa ameirekodi filamu kwa simu, ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na katika wiki moja kila mtoto wa mitaa ya Dunda na Magomeni alikuwa anajua kutembea kama zimwi. Walimfuata Bi Mwanajuma kwa msururu, watano, sita, miguu ya kushoto inatupwa nje, mabega yanapanda. Alipokaa penye jiko lake wakapita mbio mbele yake wakilia njoo nikule. Inasemekana siku za mwanzo aliendelea kuwaita waje kula vitumbua. Kisha akaacha kuita. Kisha pembe ile ya njia ikawa tupu, mawe matatu ya jiko na jivu.

Siku ya kumi na mbili, baada ya sala ya alasiri, alikuja Mzee Mikdad, mdogo wake Bi Mwanajuma, fundi seremala kutoka Kerege. Alikuwa mtu mpole. Alisalimu, akaulizia afya ya kila mtu, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu Shuaibu, mimi sikuja kugombana. Dada yangu nimemchukua, yuko kwangu. Hasemi kitu. Nimekuja kuuliza tu, ni nani aliyetaka afanywe vile? Wewe, au?"

Shuaibu alikuwa na jibu mdomoni, na lilikuwa la kweli. Likageuka lilipokuwa likitoka.

"Ni yule binti, mzee. Mimi nilimpa kazi ya zimwi, akaja nalo hivyo. Nilipoona, tumekwisha kupiga."

Mzee Mikdad alitikisa kichwa polepole, akaomba aonyeshwe anakokaa huyo binti. Na Shuaibu akatoka naye mpaka njiani akamwonyesha.

Hajra alikuja kesho yake. Hakukaa, hakutaka kuingia; alisimama mlangoni na ile kanga ya Bi Mwanajuma mkononi imekunjwa.

"Mzee wa watu amekuja kwangu, mwenye nyumba na wapangaji wote wanasikia. Ameniuliza dada yake alinikosea nini. Nilimjibu sina jibu." Sauti yake haikupanda. "Mimi sikatai. Nilikula kwake siku tisa, nikamwiba. Lakini kaka Shuaibu, aliyenituma ni nani?"

"Nilibanwa, Hajra."

"Na mzee mmoja tu, asiye na hata fimbo."

Akaondoka. Jioni Shuaibu alisikia kwamba amepanda gari kwenda Kerege peke yake, na kwamba amerudi bila kanga.

Hata hapo hakwenda. Ingefaa kusema alikwenda, lakini hakwenda. Alijipa kazi. Palikuwa na harusi mbili za kuhariri na fomu za tamasha la Dar za kujaza, akakaa chumbani mlango umefungwa, akitazama nyuso za maharusi wasiomjua.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alipotoka uani kunawa. Hafidha alikuwa akicheza na wasichana wawili wa jirani. Wenzake walikuwa wamejibanza ukutani wakijifanya wanachota maji, na yeye anakuja kutoka kwenye kamba ya nguo, mguu umetupwa nje, kiuno kinazama, bega linapanda. Aliupata barabara. Aliupata kuliko Hajra. "Njoo, mwana wa watu," alisema mtoto kwa sauti nzito, "njoo nikule."

Shuaibu alimpiga kofi. Kabla ya siku ile hakuwahi kumpiga. Mtoto alianguka juu ya beseni, akamtazama bila kulia, kwa mshangao, kwa sababu kabla ya onyesho la shuleni baba huyo huyo ndiye aliyemweka mapajani akamwonyesha sehemu ile mara tatu mfululizo na wakacheka pamoja.

Wahida alitoka jikoni. Alimwinua mtoto, akamfuta maji, akawarudisha watoto wa watu kwao. Kisha akarudi.

"Umempiga kwa kosa la nani?"

Shuaibu alikaa juu ya kizingiti. Akamwambia yote, kuanzia "usimwambie kitu" mpaka Mzee Mikdad. Alipofika kwenye waya wa projekta, jinsi mkono wake ulivyokuwa karibu nao, aliutazama mkono huo huo.

Wahida hakumpoza. "Nilidhani ni Hajra," alisema. "Nimemsema vibaya huko kwa watu, kwa maneno yako." Akaokota beseni. "Mimi pia nilicheka, Shuaibu. Niliisoma kwenye karatasi nikacheka, nikaitazama nikacheka. Sasa nitamwendea Bi Mwanajuma kwa uso upi?"

Kesho yake Shuaibu aliliandikia shirika kwamba anaiondoa filamu. Wakampigia wakidhani kuna kosa la kiufundi, akawaeleza, yule mgeni aliyemshika mkono akasema anaelewa, na kwa sauti ya mtu asiyeelewa akaongeza kuwa nafasi hiyo hairudi. Alikwenda kwa Hajra akamwomba radhi mbele ya mwenye nyumba na wapangaji, kwa sababu mbele yao ndipo alipoaibishwa. Hajra alisema amesikia.

Jumatatu aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akasimama mstarini asubuhi mbele ya shule nzima. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, akaikunja akaitia mfukoni.

"Lile zimwi mliloliona ni mimi niliyelitengeneza," alisema. "Nilichukua mwendo wa mama mmoja aliyenilea mimi nikiwa mdogo kama nyinyi, aliyenilisha, bila kumwomba. Nilifanya vibaya. Mama yule si zimwi. Zimwi halipo kwenye hadithi yake, nililiweka mimi. Nawaombeni msimfuate mtu yeyote njiani kwa mwendo huo."

Watoto walimtazama. Jua lilikuwa limewapiga usoni na wengi walikuwa wakikunja macho. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mwenye swali, na mvulana wa darasa la tatu akanyoosha mkono.

"Sehemu ya pili itatoka lini?"

Walimu wawili waligeuza nyuso. Shuaibu alisema hakuna sehemu ya pili, akashuka, na alipokuwa akivuka uwanja kuelekea lango alihisi macho mia kadhaa mgongoni. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Miguu yake yote miwili mizima ilikuwa mizito, na lango lilikuwa mbali.

Jumapili alikwenda Kerege na Hafidha. Wahida ndiye aliyesema amchukue mtoto. Hotipoti mbili alizibeba Shuaibu mwenyewe.

Bi Mwanajuma alikuwa kando ya barabara kuu, chini ya mabati manne aliyosimamishiwa na mdogo wake, jiko linawaka, chuma cha vitumbua kipo motoni. Mabasi ya Bagamoyo yalipita yakimwaga vumbi. Alipomwona Shuaibu hakushtuka. Alikuwa akimhudumia mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alipouliza kwa adabu mgeni ni nani, alijibu, "Mtu wa Bagamoyo."

Mteja alipoondoka, Shuaibu alipiga magoti pale kwenye mchanga, kando ya ndoo ya unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, watu wanapita."

"Hajra nilimtuma mimi. Lile neno nililibadili mimi. Na mdogo wako nilimdanganya."

"Hajra ameniambia. Mikdad nimemwambia. Inuka, Shuaibu."

Aliinuka. Hakukuwa na kiti, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bi Mwanajuma alimimina unga kwenye vishimo vya chuma, kimoja kimoja, hakumwaga hata tone.

"Miaka hamsini na minane natembea hivi," alisema, "sijawahi kujiona. Kioo changu ni kidogo, kinaonyesha uso. Nilijua mguu ni mbovu, nani asiyejua mguu wake? Lakini nilidhani natembea tu. Mlinionyesha siku ile, mbele ya watoto wale wote. Sasa kila nikiinuka najiona."

Alilokuja nalo Shuaibu lilikuwa limeandaliwa vizuri njia nzima: kwamba atapiga filamu upya, hadithi kamili, na vidonda na mtungi, na kwamba bibi wa kisimani awe Bi Mwanajuma mwenyewe, watu wamwone alivyo. Alilisema. Hata yeye alilisikia likichakaa kadiri linavyotoka.

Bi Mwanajuma aligeuza vitumbua. "Hiyo itakuwa ya kunisafisha mimi, au ya kukusafisha wewe?"

"Sijui, mama."

"Basi iache. Kusamehe nimekusamehe, siwezi kulala na kinyongo kwa umri huu. Lakini Bagamoyo kwa sasa sirudi. Na usinipige filamu tena, si kwa uzuri si kwa ubaya."

"Sitakupiga."

Hafidha alikuwa amesimama muda wote akiwa ameshika suruali ya baba yake. Sasa alimwachia, akasogea karibu na jiko, akautazama ule mguu uliokuwa umenyooshwa pembeni juu ya gunia. Shuaibu alitaka kumvuta. Akachelewa.

"Bibi, mguu unauma?"

"Wakati wa mvua unauma," alijibu Bi Mwanajuma. "Leo hauumi."

"Ulianguka?"

"Hapana. Nilikuwa mdogo kama wewe, mdogo zaidi. Nikashikwa na homa, siku nyingi. Tulikuwa tunakaa Miono wakati huo, hakuna gari. Baba alinibeba mgongoni akatembea na mimi kwenda kutafuta dawa, huku jua huku usiku. Homa ikaondoka. Ila mguu huu ukakataa kukua pamoja na mwenzake."

"Baba yako alichoka?"

"Alichoka sana. Alikuwa akiniimbia nisilale."

Mtoto akataka kujua aliimbiwa nini. Bi Mwanajuma akamweleza, akamtajia maneno ya Kikwere aliyoyakumbuka na yale aliyoyasahau, akampa kitumbua cha moto akamwonya akipulize. Shuaibu alikaa juu ya ndoo yake akisikiliza. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa ameuona mwendo ule kila siku ya utoto wake, akaufundisha kwa mwingine hatua kwa hatua, akauhariri usiku na mchana, na hajawahi hata mara moja kuuliza.

Gari la kurudi lilipokaribia, aliziweka zile hotipoti chini ya mabati. Bi Mwanajuma alizifunua, akanusa kama zimeoshwa vizuri, akazifunika. Alimfuta Hafidha mafuta mdomoni kwa ncha ya kanga, akamwambia aje tena Jumapili, akija mapema atamfundisha kugeuza.

Shuaibu hakuambiwa aje wala asije. Alimshika binti yake mkono wakavuka barabara.